Kabla ya Kununua Ua la Ndani, Pindua Chungu

Mmea wangu wa mwisho kufa ulikuwa Spathiphyllum, ule wenye ua jeupe lililosimama kama kijiko. Niliununua ukiwa tayari kwenye chungu cha kauri kinachong'aa, juu ya udongo zimetandazwa kokoto nyeupe kama lulu. Muuzaji akaniambia, "Mama, huu mwagilia mara moja tu kwa wiki, hausumbui." Nikatii. Wiki ya tano majani yakalegea. Nikadhani una kiu, nikauongezea maji. Yakalegea zaidi, nikaongeza tena.

Siku nilipoung'oa, harufu iliyotoka ni ya mtaro. Mizizi myeusi, ukivuta mmoja ganda linachopoka kama soksi na kubakiza kiuzi chembamba. Chini kabisa, maji ya kina cha vidole viwili. Nikapindua chungu. Hakikuwa na tundu hata moja.

Kwa hiyo humu sitazungumzia rangi wala urefu. Macho unayo, na ukuta wako unaujua. Mimi habari yangu ni tundu.

Mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji, hewa inatoka, mizizi inakosa oksijeni na kufa, kisha vimelea vinaimalizia kwa kuiozesha. Mzizi uliooza haunyonyi maji, ndiyo maana majani hunyauka kama ya mmea wenye kiu. Hapo ndipo niliponaswa: kadiri nilivyouonea huruma ndivyo nilivyouzamisha. Na usikubali ule ushauri wa "weka kokoto chini, maji yatashukia huko." Hayashuki kirahisi. Maji yakitoka kwenye udongo laini na kukutana na kokoto, husimama pale juu mpaka udongo ulowe chepechepe ndipo yaanze kudondoka. Ulichofanya ni kulisogeza tope karibu na mizizi.

Ukishapindua chungu, chokonoa kidogo katikati ya udongo. Baadhi ya mimea huoteshwa vitaluni kwenye kijikapu cha wavu, na kijikapu hicho huachwa humo humo mpaka mizizi inabanwa kiunoni. Huo wangu ulikuwa nacho pia. Sikujua hadi siku ya mazishi.

Kwa vyungu, nakiri upendeleo: napenda vya Lechuza, vya Kijerumani, kutoka kampuni ile ile inayotengeneza midoli ya Playmobil. Hakuna anayenilipa. Utaniuliza, si navyo vinakaa na maji chini? Ndiyo, lakini maji yana hifadhi yake iliyotengwa na udongo, na kuna kijiti kinachoelea kukuonyesha yamebaki kiasi gani. Miezi kama mitatu ya mwanzo unamwagilia kwa juu, mpaka mizizi ishuke. Bei yake inauma, kila nikinunua nalalamika, na bado nanunua. Asiyetaka gharama achukue chungu cha plastiki chenye matundu, akitumbukize ndani ya kile cha urembo, na amwage maji yanayobaki.

Sasa vyumba. Saa sita mchana nyoosha mkono pale unapotaka kuweka mmea. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga ni mwingi. Kikiwa na ukungu, ni wa wastani. Usipokiona kabisa, hapo hata mmea unaosifiwa kuvumilia giza utakuwa unakufa polepole tu.

Namba moja kwangu, karibu kila chumba, ni Zamioculcas. Ni mmea wa porini wa Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, ambao Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990. Chini ya udongo una mashina manene kama viazi yanayohifadhi maji, kwa hiyo ukiusahau wiki tatu haununi. Uweke kwenye korido au kona ya sebule iliyo mbali na dirisha.

Namba mbili ni Sansevieria, wa chumba cha kulala kwa sababu umesimama wima na hauchukui nafasi. Ila yule anayekuuzia kwa maneno ya "unatoa oksijeni usiku" anakuchezea. Usiku unafyonza kabonidayoksaidi, kweli, lakini oksijeni hutengenezwa penye mwanga. Halafu kuna hili la majina. Tangu 2017 wataalamu wanauita Dracaena trifasciata, na muuzaji mmoja aliwahi kuniuzia mmea huo huo mara mbili, kwa majina mawili na bei mbili, cha "jina jipya" kikiwa ghali zaidi. Nikavipanga nyumbani kando kwa kando, mapacha.

Jikoni weka pothosi juu ya kabati, uutambaze, na uufute majani kila mara maana mafuta ya kupikia yanayaganda. Lakini kama kuna mtoto anayetafuna kila kitu, au paka, pothosi na Dieffenbachia, ule wa majani mapana yenye madoa, viwe mbali: utomvu wake una fuwele kama sindano zinazochoma mdomo na ulimi. Nyumba ya paka inafaa Chlorophytum, ule wa majani membamba yenye mistari myeupe. Atautafuna, utachakaa, lakini wote wawili watapona.

Bafuni penye dirisha, kangaga aina ya Nephrolepis hustawi kwa ule unyevu. Bafu lisilo na dirisha, tundika picha ya kangaga.

Wa mwisho kabisa ni Ficus lyrata, ule wa majani mapana unaopendeza kwenye picha za sebule. Ukiusogeza hatua mbili, unapukutisha. Ukipigwa na upepo wa kiyoyozi, unapukutisha. Na ndio wa bei kubwa kuliko yote dukani.

Kuhusu vibandiko vya "husafisha hewa": habari hizo zilianzia kwenye utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa 1989, ambapo mimea iliwekwa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi wa 2019 ulikadiria kwamba ili kufikia kazi ya kawaida ya kupitisha hewa ndani ya jengo, ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Utalala wapi? Fungua dirisha, na kile kibandiko usikilipie.

Nilirudi kwa yule muuzaji na chungu changu cheupe, nikamwonyesha chini, nikamuuliza kwa nini hakina tundu. Akanitazama kama mtu anayeeleweshwa jambo la ajabu. "Mama, likiwa na tundu si litachafua meza yako?" Nikamwambia basi anipe chenye tundu. Akanipa, kwa bei ile ile, na kabla sijafika mlangoni akaniita: visahani vya kuwekea chini vipo, ila vinauzwa kando.