Tathmini ya modeli ya misuli ya ndani ya mgongo: inafaa shingoni, inapotosha kiunoni

Modeli ninayoitathmini hapa ni mgongo wa plastiki wenye ukubwa halisi wa mtu mzima, unaoanzia nyuma ya fuvu hadi kwenye sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, ukiwa na misuli inayobanduka tabaka baada ya tabaka na kushikizwa tena kwa sumaku. Chuo chetu kiliinunua kwa wakala wa vifaa vya tiba kwa ajili ya wanafunzi wa fiziotherapia na wa utabibu. Kwa kuwa modeli za aina hii huuzwa kwa majina mengi ya biashara, nitaieleza kwa sifa zake ili mkufunzi anayefikiria kuinunua aitambue akiiona. Hukumu yangu naitanguliza: ni chombo kizuri sana cha kufundishia misuli ya shingo na ya mgongo wa kati, lakini inapofika kiunoni, mahali ambapo wagonjwa wengi wa mgongo hushika wakieleza maumivu yao, inatoa picha isiyo sahihi ya multifidi, msuli ambao mwanafunzi anauhitaji kuliko yote.

Jambo la kwanza la kuangalia katika modeli ya namna hii ni jinsi inavyoitenga misuli ya mgongo wenyewe na ile iliyolala juu yake kwa kazi nyingine. Trapezio, latisimo dorsi na romboidi viko mgongoni, lakini kazi yake ni kuliendesha bega na mkono, na neva zake hazitoki mahali pamoja na zile za misuli ya ndani: trapezio huendeshwa na neva ya 11 ya fuvu, na latisimo dorsi hupata neva yake kutoka kwenye fungu la neva za mkono. Misuli ya ndani ya mgongo, kuanzia kisogoni hadi sakramu, huhudumiwa na matawi ya nyuma ya neva za uti wa mgongo, na hicho ndicho kigezo kinachoifanya iwe familia moja. Watengenezaji wameliheshimu jambo hili. Tabaka la misuli ya bega limepakwa rangi hafifu na hutoka kama bamba moja kila upande, kisha misuli ya ndani huonekana chini yake kwa rangi nyekundu iliyokolea. Mwanafunzi hana haja ya kuelezwa mara mbili. Kinachokosekana ni neva zenyewe, kwani hakuna hata tawi moja la nyuma lililoonyeshwa, na kwa bei yake ningetarajia angalau mkoa mmoja wa mgongo uwe nazo.

Tabaka linalofuata ni splenio ya kichwa na ya shingo, misuli ya nyuma ya shingo, kisha nguzo tatu za erekta spina, misuli mirefu inayousimamisha mgongo. Hapa modeli imefanyiwa kazi ya kuridhisha. Iliokostali iko pembeni na vijikano vyake vimeshikizwa kwenye pembe za mbavu, kimoja kimoja. Longisimo iko katikati nayo inapanda hadi kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Spinali imejibana kando ya miiba ya pingili. Kano pana ambayo misuli hii mitatu huanzia, iliyosambaa juu ya sakramu, ukingo wa fupanyonga na miiba ya pingili za kiuno, imechongwa kwa rangi nyeupe na kwa mistari inayoonyesha mwelekeo wa nyuzi zake. Ukipitisha kidole juu yake unaihisi mistari hiyo, na hili si pambo, kwa sababu mwanafunzi anapojifunza kupapasa mgongo wa mgonjwa anapaswa kujua kwamba juu kidogo ya sakramu kidole chake kinakutana na kano kwanza, si nyama ya msuli.

Erekta spina ikishabanduliwa hubaki ule mfereji kati ya miiba na mabawa ya pingili, yaani vichomozi vya pembeni vya kila pingili, nao ndio kiini cha somo lote. Mfereji huu hujazwa na misuli inayoanzia kwenye bawa la pingili moja na kupanda kwa mshazari hadi kwenye mwiba wa pingili iliyo juu. Semispinali huvuka pingili 4 hadi 6, multifidi huvuka 2 hadi 4, na rotatori huvuka 1 au 2 tu. Splenio na iliokostali hupanda zikielekea nje, ilhali kundi hili hupanda likielekea ndani, hivyo mielekeo miwili inapishana kama miyaa ya ukili. Modeli inalionyesha jambo hili waziwazi kwa sababu upande wa kushoto unaweza kuachwa na tabaka la juu huku upande wa kulia ukibanduliwa hadi chini, na macho yakalinganisha. Kutokana na mielekeo hiyo mwanafunzi huelewa bila kukariri kwa nini splenio ya kulia huugeuza uso kulia, ilhali semispinali ya kulia huugeuza kuelekea kushoto.

Katika mgongo wa kati modeli ni sahihi hata katika mambo madogo. Rotatori zimewekwa hapo pekee, na hapo ndipo zilipokua vizuri katika mwili wa binadamu. Misuli 12 ya kila upande inayoinua mbavu ipo, nayo imeshuka kutoka kwenye bawa la pingili hadi kwenye ubavu ulio chini yake. Daktari wa usingizi aliyealikwa kufundisha aliitumia sehemu hii kueleza sindano ya ganzi inayopigwa kati ya erekta spina na ncha ya bawa la pingili, mbinu iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Aliinua longisimo, akaweka kidole kwenye bawa, na kila mtu darasani akaona dawa inakopaswa kwenda na kwa nini inaweza kusambaa juu na chini kupitia pingili kadhaa.

Sasa nije kiunoni. Katika mwili halisi, multifidi ya kiuno ndiyo yenye nyama nyingi kuliko misuli yote iliyo karibu na mstari wa kati wa mgongo. Huujaza mfereji wote kando ya miiba, na juu ya sakramu hutanuka kiasi kwamba misuli mingine hubaki kano tu. Katika modeli hii imechongwa kama kamba nyembamba iliyolala kando ya miiba, unene wake ukiwa karibu sawa kuanzia shingoni hadi chini, na kati yake na longisimo kumeachwa pengo ambalo halipo kwa mtu mwenye afya. Nadhani mchongaji alitaka misuli ibanduke kwa urahisi. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huondoka akiamini kwamba multifidi ni msuli mdogo wa kusaidia, na akionyeshwa picha ya ultrasaundi ya kiuno hulidhani tonge kubwa lililo kando ya mwiba kuwa ni erekta spina.

Kosa hili si la umbo peke yake, kwa sababu umbo ndilo linaloeleza kazi. Nyuzi za multifidi ya kiuno hushuka kutoka kwenye mwiba wa pingili hadi kwenye vinundu vya pingili zilizo chini na kwenye sakramu, zikiuvuta mwiba kuelekea chini karibu wima. Kwa hiyo nguvu yake kubwa ni kuzuia pingili isiinamie mbele na kuikaza juu ya mwenzake. Kuzungusha kiuno si kazi yake kuu, kwani viungo vya nyuma vya pingili za kiuno haviruhusu mzunguko mkubwa, na kiwiliwili huzungushwa hasa na misuli ya mshazari ya tumbo. Kijitabu kilichokuja na modeli kinasema kwa sentensi moja kwamba multifidi huzungusha uti wa mgongo, bila kutenganisha kiuno na sehemu nyingine. Namshauri mkufunzi aiandike upya sentensi hiyo kabla ya kuwapa wanafunzi nakala.

Umuhimu wake hospitalini ni mkubwa. Mwaka 1996 Julie Hides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 39 waliopata maumivu ya kiuno ya upande mmoja kwa mara ya kwanza. Waligundua kwamba multifidi iliyosinyaa upande wenye maumivu haikurudi yenyewe katika ukubwa wake hata baada ya maumivu kwisha, ila ilirejea vizuri zaidi kwa wale waliopewa mazoezi mahususi ya kuikaza. Mwanafunzi wa fiziotherapia ambaye hajawahi kuona jinsi msuli huu ulivyo mnene ukiwa mzima atawezaje kuutambua ukiwa umesinyaa? Ndiyo maana naliona pengo lile la plastiki kuwa kasoro nzito kuliko nyingine zote.

Kasoro ya pili ya kiunoni ni kukosekana kwa utando mpana unaoifunika misuli ya mgongo wa chini. Utando huo una tabaka la nyuma na la kati zinazoifunga erekta spina na multifidi ndani ya mfuko mmoja, na ndio unaounganisha mgongo na misuli ya tumbo. Msuli wa tumbo uliozunguka kiwiliwili kwa ndani ukikaza, huuvuta utando huu kutoka pembeni. Bila utando, modeli inauonyesha mgongo kana kwamba unafanya kazi peke yake. Tumejaribu kuziba pengo hili kwa kitambaa chepesi kilichokatwa kwa kipimo, na kinasaidia, ingawa hilo lilikuwa jukumu la mtengenezaji.

Kisogoni, kinyume chake, sijaona modeli nyingine ya bei hii inayoifikia. Ukiiondoa semispinali ya kichwa, ambayo ndiyo inayoumba ile miinuko miwili ya kisogo, unaikuta misuli minne midogo kila upande kati ya fuvu na pingili mbili za kwanza. Mitatu kati yake inazunguka pembetatu, na ndani ya pembetatu hiyo ateri ya uti wa mgongo imeonyeshwa kwa rangi nyekundu ikipita juu ya upinde wa atlasi, pingili ya kwanza ya shingo. Misuli hii haina nguvu ya kukiinua kichwa kizima. Imejaa vihisio vingi vya mkao, na thamani yake ni kuijulisha ubongo kichwa kimeelekea wapi. Kijitabu kinalitaja jambo hilo kwa usahihi.

Hakuna plastiki inayoweza kuonyesha msuli unakaza lini na kulegea lini, kwa hiyo naitumia modeli sambamba na mwili wa mwanafunzi mwenyewe. Asimame, aweke vidole gumba kando ya miiba ya kiuno, ainue mguu wa kulia: erekta spina ya kulia hukaza ili fupanyonga lisidondoke upande usio na mguu wa kulitegemeza. Kisha ainame polepole huku vidole vikibaki palepale. Nguzo mbili hukaza zikiudhibiti uzito unaoshuka, halafu mwisho kabisa wa kuinama hulegea, na mzigo hubebwa na mishikizo ya pingili. Floyd na Silver walieleza ukimya huo wa misuli kwa vipimo vya umeme mwaka 1955. Mtu anayepalilia kwa jembe la mkono au kufagia uwanja kwa ufagio mfupi hukaa muda mrefu katika mkao wa kuinama, na mwanafunzi aliyelihisi jambo hili kwa vidole vyake ataweza kumweleza mgonjwa kwa nini kuinuka ghafla na mzigo kutoka katika mkao huo ni hatari.

Kuhusu utengenezaji sina mengi ya kulalamikia. Stendi ni imara, namba za misuli zinasomeka na rangi haijachubuka. Sumaku ya longisimo ni dhaifu na kipande hicho huanguka modeli ikiinamishwa, hivyo ni vyema kuiweka juu ya meza yenye kitambaa. Bei yake inazidi ile ya kiunzi kamili cha mifupa cha plastiki, na chuo ambacho bado hakina kiunzi kianze na hicho.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kubandua erekta spina ya upande mmoja, kisha pitisha kidole kwenye mfereji wa kiuno kuanzia pingili ya kwanza hadi kwenye sakramu. Ikiwa kidole kinaigusa plastiki tupu ya mfupa kati ya multifidi na mabawa ya pingili, unatazama modeli ile ile niliyoieleza, na una haki ya kuomba punguzo au kuuliza kama kuna toleo ambalo mfereji huo umejaa.