Bomba la kumwaga mvua ya kwanza: zuri sana ila pima paa lako kabla fundi hajakata
Wanaotega maji ya mvua hapa Tanga nisikilizeni kidogo kabla vuli haijachanganya. Kuna fundi Ngamiani anafunga lile bomba la inchi nne kati ya gata na simtanki, mvua ikianza maji yanashuka kwanza humo, likijaa mpira wa ndani unapanda unaziba mdomo, ndio yanayofuata yanakwenda tankini na yale machafu yanabaki chini unayamwaga kwa koki. Nyota nne.

Sisi tunaokaa pembeni mwa barabara ya malori bati linakusanya kiangazi kizima, na sio vumbi la udongo peke yake jamani. Matairi yakisagika yanaacha zinki, breki zinaacha shaba, wanaochoma taka na mabetri na nyaya jioni wanarusha hewani metali zenye sumu, risasi (lead) na kadmiamu, halafu ile risasi ya petroli ya zamani, hata kama nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006, haiozi ile, imelala kwenye mchanga wa kando ya barabara, gari likipita inapeperuka tena inatua juu ya paa. Utasikia mtu anasema mimi nachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, risasi haiendi popote, maji yakipungua sufuriani ndio inazidi! Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita ya maji ya kunywa, na bado wanasema kwa watoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Nyota moja nimeibana kwa sababu anafungia kila mtu saizi ileile ya mita moja. Mita moja ya inchi nne inabeba kama lita 8 tu. Hesabu ya kawaida ni angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la mita za mraba 60 linataka lita 30, karibu mita nne za bomba, na pembeni mwa barabara uongeze zaidi. Lile fupi kwangu lilikuwa linajaa upesi na maji yanaingia tankini bado yana rangi ya chai. Nilipomwambia kaka ongeza, akaunga mengine pembeni bila maneno mengi, gundi imeshika, hakuna panapovuja.

Kwa mama mkubwa huko Muheza ndani, paa dogo na barabara mbali, fupi linamtosha. Chembe nzito huwa zinaangukia karibu na zilikotoka, ila zile laini upepo unazipeleka mbali kwa hiyo na yeye nimemwambia afunge.

Mwambieni fundi pia atoboe kitundu kidogo kwenye kifuniko cha chini maji yawe yanajitoa yenyewe polepole, maana ukisahau kumwaga, mvua inayofuata inakuta bomba limejaa na uchafu wote unapitiliza tankini.