Nilikwenda kuijaribu Toyota 86, ufunguo akapewa mtoto

Jina la yadi inayouza gari ile silitaji. Ipo hapa hapa Unguja, na anayetaka kuijua atajuana nayo mwenyewe siku atakayokwenda. Wala sitaeleza gari ina nguvu za farasi ngapi, hayo kila mtu anayaona kwenye simu yake. Nataka kuzungumzia salamu.

Ndiyo, salamu. Tulifika mie na mtoto wa kaka yangu, kijana ambaye hata ndevu hazijamjaa, nimemchukua anisaidie kupiga picha uvunguni maana magoti yangu hayataki tena kulala chini. Ilikuwa wiki chache baada ya Idi. Kijana wa yadi akatoka ofisini, akanipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme, akenda kumpa mkono mtoto. "Kaka, mambo vipi? Karibu sana, umeipenda ipi?"

Mie nimesimama pale. Kichwa kina mvi, umri wangu wa mama yake au zaidi. Sikupata shikamoo. Sikupata hata salamu ya Mungu, ambayo mpita njia usiyemjua unampa. Zanzibar hii mtoto wa chekechea akipishana na mtu mzima uchochoroni anajua la kusema! Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeona haya, akasema, "Shangazi ndiye mnunuzi." Yule akanigeukia, "Ahaa, karibu mama," halafu ufunguo akauweka kwenye kiganja cha mtoto.

Nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuwa nilinyamaza kwa sababu gari ilikuwa imeshaniteka macho.

Mie ni mpishi wa shughuli. Aliyekula biriani kwenye harusi za mjini miaka hii huenda amekula mkono wangu. Usafiri ninao, nina kirikuu inayobeba masufuria na kuni, na siidharau, imenilishia watoto. Lakini tangu msichana nina tamaa moja ambayo sikuwahi kuiona aibu: nataka gari ya milango miwili, ya chini, gia ya mkono, ambayo haibebi sufuria hata moja. Pesa nimeidunduliza shughuli kwa shughuli. Sikukopa, na sikumwomba mtu.

Na kuendesha sikufundishwa na skuli ya udereva. Nimefundishwa na baba, Mungu amrehemu, aliyekuwa dereva wa gari ya abiria Pemba, zile lori zilizojengewa bodi la mbao, Chake mpaka Wete kwa njia ya zamani. Anayeijua njia ile anajua kona zake na vilima vyake. Msimu wa karafuu watu wameanika mikeka kandokando ya lami, na baba alikuwa ananiambia tairi ikikanyaga karafuu hata moja ya mtu, nashuka naomba radhi mlango kwa mlango. Ndivyo nilivyojifunza upana wa gari. Kilima nilijifunza kwa mguu, gari imejaa watu na magunia, unaachia klachi kidogo kidogo mpaka uisikie inashika, ndipo unaachia handbreki. Ikirudi nyuma hata shubiri moja, akina mama wanapiga ukelele.

Sasa mtoto wa kaka yangu anaendesha Vitz, otomatiki, hajui klachi ni kitu gani. Alisema, "Kaka, mie gia ya mkono sijui." Yule akamjibu, "Utajua tu, jaribu." Ikazima. Akapiga stati tena, ikaruka mbele kama mbuzi, ikazima. Mara ya tatu ikazima karibu na ukuta. Na yule kijana anacheka naye, "Kawaida kaka, utaizoea." Nikafungua mlango wa dereva, nikamwambia mtoto, "Baba, shuka." Akashuka mbio.

Hapo ndipo uso wa yule bwana ulipobadilika. "Mama, unaijua lakini? Hii si gari ya kwendea sokoni."

Nilivua viatu, nikalikusanya baibui nikalibana chini ya paja, nikatia gia, tukatoka.

Gari yenyewe nitaisema ilivyo, maana nikiidhulumu gari kwa kosa la mtu nitakuwa na mie sina haki. Ukikaa ndani unakaa chini, miguu imenyooka mbele kama uliyekaa mkekani. Viti vya nyuma ni vya kuwekea mkoba. Injini ni ya Subaru, ile ambayo pistoni zake zimelala ubavuni, na kwa kuwa imelala, uzito wake unakaa chini, na nguvu inakwenda tairi za nyuma. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwili unayasikia. Mkono wa gia ni mfupi, inaingia kwa kiganja tu, hainyooshi bega. Kupitia Fuoni hakuna la kusema, bodaboda na daladala, gia ya kwanza na ya pili. Baada ya Tunguu njia ikafunguka, na tulipoingia Bungi kwenye kivuli cha ile miembe ya Bi Khole, binti wa Sultani wa zamani, wallahi nilimsahau yule bwana pembeni yangu. Sikukimbia. Gari ile haitaki ukimbie ndipo uifaidi. Kona ya kawaida kabisa, unageuza sukani kidogo, pua imeshakwenda, na mgongo wako unaambiwa tairi za nyuma zinafanya nini. Nilimkumbuka baba. Nilitamani angekaa kiti kile cha pembeni asikilize.

Aliyekaa ni mwengine, na mkono wake ulikuwa juu ya handbreki tangu Fuoni. Fikirini. Mtu mzima anaendesha, na kijana amekamata handbreki ya katikati kama anavyofanyiwa mwanafunzi wa siku ya kwanza! Tulipofika kwenye matuta akapiga kelele, "Mama utaivunja bampa!" Mie matuta nayapanda kwa mshazari, tairi moja kwanza, nyingine ikafuata, na hakikugusa kitu. Hakusema "samahani". Hakusema kitu chochote.

Nilimwambia nataka twende mpaka Jozani. Si kwa matembezi. Gari hii ni ya chini, na njia ya kwenda Paje inapita kwenye msitu ambako yamewekwa matuta kwa ajili ya kima punju, waliokuwa wakigongwa na magari. Mnyama yule hapatikani kwengine duniani isipokuwa visiwa vyetu hivi, na matuta ni haki yake. Lakini kwa mwenye gari ya tumbo la chini, pale ndipo mtihani wa kweli ulipo, na mie kazi zangu nyingi ziko pwani ya kusini. Anayenunua gari ya aina hii Unguja bila kuipitisha pale amenunua picha. Akasema, "Geuza hapa hapa. Mafuta si yangu." Nikamwambia mafuta nitajaza mie. "Geuza, mama."

Nikageuza.

Njiani kurudi nikafanya alichonifundisha baba. Nimetia gia ya nne, mwendo mdogo, nikakanyaga mafuta kwa ghafla. Mshale wa mizunguko ya injini ukaruka juu, na gari haikuongeza mwendo sawasawa. Nikarudia, ikawa vile vile. Hiyo ni klachi inateleza. Na tangu tunatoka yadi nilikuwa nimeshaisikia inashika juu kabisa, mwisho wa pedali, dalili ya sahani iliyokwisha. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, klachi ya gari hii imekwisha."

Sikilizeni jibu. "Si umevua viatu? Ndiyo maana. Umeiunguza wewe."

Mie! Niliyepanda vilima vya Pemba na lori iliyojaa watu! Klachi haimalizwi kwa safari ya nusu saa na mtu anayejua kuachia mguu. Imeliwa huko ilikotoka, na hao walioinunua hawakuijaribu, au waliijaribu wakanyamaza. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa amejikunja kiti cha nyuma magoti yamegusa kidevu, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, mie ndiye niliyeizima mara tatu." Akamjibu, "Wewe huna neno, kaka."

Kwa hivyo aliyeizima hana neno, na aliyeiendesha ndiye muharibifu.

Lakini klachi si sababu ya kuikataa gari, nataka hilo lieleweke. Klachi inabadilishwa. Fundi wangu angeishusha gia boksi, akatia sahani mpya na beringi yake, nikapunguziwa bei, yakaisha. Nilikuwa tayari kwa hilo. Nilirudi yadi bado nina nia ya kununua, na mzee mmoja mlinzi, Mungu amjaalie, aliniletea kiti na maji baridi na kunisalimia vizuri, na nikasema moyoni basi, nyumba haikosi mtu.

Nikaomba vitu viwili. Karatasi ya mnada wa Japani, nione gari ilipewa alama gani na ilitembea kilomita ngapi kabla ya kupakiwa melini. Na nikauliza kama springi za valvu, zile za ndani ya injini, zimeshabadilishwa. Hili si la kubuni. Mwaka 2018 Subaru na Toyota waliziita zirudi kutengenezwa gari za mwanzo za aina hii, zile za 2012 na 2013, kwa sababu springi za valvu zinaweza kukatika na injini ikazima njiani. Kazi yenyewe ni kubwa, injini inafunguliwa, si jambo la kufanywa chini ya mwembe. Gari hii ilikuwa ya miaka ile ile. Lilikuwa swali la haki.

Akacheka. "Hayo kakwambia nani, mama?" Kisha akaegemea meza, akasema maneno ambayo nimelala nayo na kuamka nayo tangu siku ile: "Wewe mlete mzee wa nyumbani, tutazungumza naye hayo ya injini na bei."

Mume wangu hajawahi kushika sukani maisha yake yote. Ni mshonaji, anakwenda kazini kwa baiskeli, na nilipomwambia nataka gari ya milango miwili alisema, "Pesa zako, jasho lako, nenda kwa salama." Yeye, mume, amejua mipaka yake. Kijana wa yadi hakuijua. Dini yetu haikumpa mwanamume mali ya mkewe. Bi Khadija alikuwa na misafara yake ya biashara, na mikataba alikuwa akiiweka yeye. Nani alimwambia "mlete mzee wa nyumbani"?

Niliinuka nikaondoka. Siku ile ningekwambieni msikanyage pale, wala msiinunue gari hii, wala gari yoyote ya chini, ni upuuzi kwa barabara zetu. Nilisema hivyo kwa kila aliyeniuliza, na kwa sauti.

Baada ya siku tatu nne nikaanza kulainika. Nikasema labda kijana amechoka, labda anadhani anamsaidia mwanamke asidhulumiwe kwenye injini. Nikawa nafikiria kumrudia nikiwa na fundi, nilipe, nimalize. Usiku nilikuwa nausikia ule mkono wa gia kwenye kiganja. Nikafika hata kumuuliza fundi bei ya sahani ya klachi.

Ndipo ikaja meseji ya kijana wa yadi, kwenye simu ya mtoto. Nambari yangu aliichukua kwa mkono wake akaiandika kwenye daftari, lakini ujumbe kampelekea yeye: "Kaka, mshawishi mama, nitapunguza milioni moja."

Milioni moja kwangu ni masufuria mengi ya wali, na siidharau. Lakini hakuniambia mie! Gari ni yangu, pesa ni zangu, klachi niliigundua mie, na punguzo anapewa mtoto asiyejua hata gia ya kwanza iko wapi. Mtoto akaniuliza, "Shangazi, nimjibu nini?" Nikamwambia usimjibu.

Kwa hivyo gari ni nzuri, na nikiulizwa nitasema ni nzuri, aliyenayo aitunze na aioshe chumvi ya bahari uvunguni kila wiki. Yadi ile siendi. Nasema siendi, na leo nalisema kwa dhati. Nimeshamwambia fundi anitafutie nyengine, gia ya mkono, karatasi ya mnada iwepo, na springi iwe na ushahidi. Kama kuna mwenye nayo Unguja au Pemba, nipo tayari kuvuka bahari kuja kuiona.

Juzi nilipita pale na kirikuu, masufuria yamejaa nyuma, natoka kwenye shughuli. Bado ipo. Wameisogeza mbele karibu na geti, wameiosha. Yule kijana alikuwa amesimama mlangoni, akaniona, akainua mkono. Nikatia gia ya tatu nikapita.