Kibanda cha kuweka muvi, Majengo: niliomba mtu asiyepigika

Nabeba mizigo soko la mahindi Kibaigwa. Pale hakuna anayeniita jina langu. Naitwa Winchi, maana gunia la lumbesa nalipandisha kwenye fuso peke yangu. Mwezi uliopita nilikwenda Dodoma mjini na flashi ya GB 32, nikaingia kibanda kimoja cha kuweka muvi karibu na soko la Majengo. Nikamwambia kijana wa kompyuta aniwekee katuni ya Kijapani yenye jamaa asiyepigika.

Wengine wangenijazia chochote. Huyu aliniuliza, "Kaka, unataka anayezifurahia nguvu zake, au zinazomchosha?" Akaniwekea One Punch Man ya 2015 na Mob Psycho 100 ya 2016, zote hadithi za mtu mmoja anayejiita ONE. Buku kwa kila msimu.

Saitama, jamaa wa One Punch Man, alipiga pushapu 100, sitapu 100, skwati 100 na kukimbia kilomita 10 kila siku kwa miaka 3, mpaka nywele zikanyonyoka zote. Sasa kila adui ni ngumi moja, na raha imemwisha. Sehemu ya 9 nimeirudia mara nne. Jitu la baharini limewachakaza mashujaa kibao, yeye analimaliza, halafu mtu mmoja kwenye umati anaanza kuwadharau walioshindwa. Saitama anadai amefika mwishoni tu, kazi walishaifanya wenzake. Anajichafulia jina ili heshima yao ibaki! Hapo nilisimamisha, nikamkumbuka mzee tunayebeba naye, mgongo umeshachoka, tajiri anavyomkata ujira, na mimi nimesimama tu pembeni na misuli yangu.

Mob ni mtoto wa shule, anaweza kung'oa jengo bila kuligusa. Bosi wake Reigen, tapeli asiye na nguvu yoyote, alimfundisha kwamba kipaji hicho ni sawa na cha mwenye mbio au mwenye akili za darasani. Basi Mob anajiunga na klabu ya mazoezi, anakimbia mpaka anazimia. Nimempenda mno.

Kasoro: maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu, na sehemu mbili za mwisho za Mob ziligoma kufunguka. Nilizirudisha, kijana akaniwekea nyingine bila kudai hela. Akauliza aandike nani kwenye daftari la wateja. Nikasema Yohana. Msimu wa 2 nimeshaulipia, naufuata Jumamosi.