RGIE ya bure au IEC 60364 ya kununua: fundi umeme wa Lubumbashi achukue ipi?

RGIE, yaani kanuni za Ubelgiji za kufunga umeme, inapakuliwa bure, kwa Kifaransa. Kwa nyumba unahitaji Kitabu cha 1 tu. IEC 60364, kiwango cha kimataifa cha kufunga umeme, inauzwa vipande-vipande kwa faranga za Uswisi, na kila kipande kina bei yake.

Kwa nyumba ya kawaida kule Katuba, RGIE inatosha: waya wa 1.5 mm² kwa disjonkta (kikata-umeme mzigo ukizidi) ya 16 A, 2.5 mm² kwa 20 A, prizi zisizidi 8 kwa laini moja, diferensiele (kikata-umeme ukivuja) ya 300 mA mwanzoni na ya 30 mA walau kwa bafu na mashine ya kufulia, ukinzani wa waya wa ardhi chini ya Ω 30. Hiyo ardhi ipime mwezi wa 9, udongo ukiwa mkavu; kipimo cha masika kinadanganya.

IEC inalipa pale waya zinaposongamana. Kipande 5-52 kinaipa 2.5 mm² ya shaba yenye PVC, ndani ya tibi (bomba la waya) ya ukutani kwenye 30 °C, 24 A. Tia laini 3 zenye mzigo katika tibi moja, zidisha kwa 0.70: inabaki 16.8 A. Disjonkta ya 20 A haitaruka, na PVC italainika polepole. Weka 16 A, au ongeza tibi.

Waya wa alumini uliopakwa shaba haufai kwa vipimo hivi, ambavyo ni vya shaba tupu. Kwangua ncha kwa kisu. Ikitoka nyeupe, rudisha dukani.