Nyumba ya wageni mtaani Langoni, Lamu: tathmini ya mapokezi

Kuhusu vyumba sina mengi: ni safi, chandarua hakina tundu, na mahamri kwa mbaazi ya asubuhi huja yangali moto. Kinachostahili kuzungumziwa ni meza ya mapokezi.

Nilipokuwa nikisubiri ufunguo baada ya magharibi, aliingia msichana mwenye begi la shule, akaomba chumba cha usiku mmoja, akisema kwamba ana miaka 19 na kitambulisho amekisahau Mokowe. Bibi wa mapokezi hakumfukuza wala hakumpa ufunguo. “Keti unywe chai, mwanangu, kisha nipe nambari ya mtu wa kwenu,” alimwambia. Msichana alipokataa, bibi alipiga 116, laini ya watoto isiyotozwa pesa, akaandika saa ya simu hiyo kwenye daftari la wageni.

Wapo watakaoona huo ni umbeya. Mimi naona alijilinda yeye na kumlinda mtoto kwa pamoja. Kifungu cha 174 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwadhibu anayempokea au kumficha mtoto wa chini ya miaka 14 aliyeibwa au kushawishiwa kutoka kwao, endapo anajua hivyo na amekusudia kuwanyima wazazi mtoto wao. Adhabu yake inaweza kufika miaka 7. Kwa hiyo, aliyempa mgeni kitanda bila kujua lolote hatiwi hatiani na kifungu hicho. Lakini Sheria ya Watoto ya 2022 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mwenye nyumba aliyeona begi la shule, akasikia kisa cha kitambulisho kilichosahaulika, kisha akanyamaza, atapata taabu kumshawishi hakimu kwamba hakujua mgeni wake ni mtoto. Daftari lenye saa ya simu linamsemea vizuri zaidi kuliko kiapo.

Ila kuna kasoro. Mlinzi wa usiku aliniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba mgeni anayekuja baada ya saa sita hupewa ufunguo kwanza na kuandikishwa asubuhi. Aidha, daftari lenyewe halina safu ya tarehe ya kuzaliwa. Uangalifu wote wa bibi yule basi hukoma anapokwenda kulala, ilhali mtoto aliyetoroka kwao ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubisha hodi saa hizo.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata siku mlinzi atakapokabidhiwa daftari pamoja na funguo.