Mkahawa wa Kisutu Ambako Familia Yetu Ilikula Chakula Kimoja

Tangu binti yetu aache nyama, kula nje kumekuwa mtihani, kwa sababu migahawa mingi humpa chipsi na kachumbari, au maharage yaliyoungwa kwa supu ya nyama bila yeyote kumwambia. Jumapili iliyopita tulikwenda kwenye mkahawa mdogo wa Kigujarati hapa Kisutu, Dar es Salaam, jirani na mahekalu ya Wahindu, ambao jikoni mwake hamuingii nyama, samaki wala yai. Thali, yaani mlo wa Kihindi wa vyakula vingi kwa pamoja, huletwa kwenye sinia la chuma lenye vibakuli vya dengu, bamia kavu, viazi vya binzari, mtindi na achari ya embe, huku mhudumu akipita na chapati za moto na kukuongezea mpaka useme basi. Mume wangu, ambaye kwake mlo bila nyama si mlo, aliomba dengu mara tatu. Mchuzi wa dengu hizo ulikuwa mzito, wenye ukwaju na sukari guru kidogo. Asiyetumia maziwa aseme mapema, kwani chapati hupakwa samli. Wali ulikuja umepoa, jambo lililonisikitisha. Lakini binti yetu alikula bila kumuuliza mtu chochote.